GHALA NA UFUNGUO WAKE
Mapato ya Madini na Matumizi ya Serikali Wakati wa Dhiki

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za Parokia)





1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mapato yatokanayo na madini na jinsi serikali inavyopaswa kutumia fedha wakati uchumi unapoyumba. Huenda wapo watakaouliza: je, jambo hili ni la kujadiliwa kanisani? Hazina ina wachumi wake, na Bunge lina kamati zake. Jibu ni kwamba bajeti inapopunguzwa, daima yuko mtu anayepunguziwa. Ni mama mjamzito anayefika zahanati na kuambiwa akanunue glavu dukani. Ni mtoto ambaye darasa lake limekaa mwaka mzima bila mwalimu wa hisabati. Kuamua nani apunguziwe kwanza ni suala la haki au dhuluma kabla halijawa suala la hesabu.

Hoja ninayotaka tuitafakari leo ni hii: haki katika mali ya ardhini huonekana katika mwaka wa dhiki, lakini huamuliwa katika mwaka wa neema. Bei inapokuwa nzuri, kila mtu anasifiwa. Bei inapoanguka ndipo tunapojua kama kulikuwa na ghala, nani ameshika ufunguo wake, na nani analifikia mlango ukifunguliwa.

Wengi wetu tunaijua habari ya Yosefu huko Misri, katika sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo. Katika miaka saba ya shibe ilitengwa sehemu ya tano ya mavuno, na miaka saba ya njaa ilipofika watu walipata chakula. Katika mahubiri mara nyingi tunaishia hapo. Lakini tukisoma hadi sura ya 47, tunakuta kwamba njaa ilipozidi wananchi walitoa kwanza fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwishowe wao wenyewe wakawa watumwa wa Farao, ili wapewe nafaka ile ile iliyotoka katika mashamba yao. Ghala lilikuwapo, lilijaa, na liliokoa maisha. Ila ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja. Tuyashike mambo hayo mawili kwa pamoja: kuweka akiba ni busara, lakini akiba isiyo mikononi mwa wananchi yaweza kuwa kamba ya kuwafungia.

2. Madini ni mali ya namna gani

Mkulima wa kahawa akivuna mwaka huu, mbuni unabaki shambani na mwakani utazaa tena. Mchimbaji akitoa wakia moja ya dhahabu, ardhi imepungukiwa na wakia hiyo milele. Basi fedha ya madini haifanani na mavuno. Inafanana zaidi na fedha ya mtu aliyeuza kiwanja cha urithi. Mwenye kuuza kiwanja cha urithi na kula fedha yote kwa chakula na vinywaji hajapata faida. Amewanyang'anya watoto wake.

Jambo la pili ni bei. Shaba, dhahabu, mafuta na almasi hupangiwa bei mbali na machimbo, katika masoko ambayo hayana habari na bajeti yetu. Pipa la mafuta lililouzwa kwa zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka 2014 liliuzwa chini ya dola 30 mwezi Januari 2016. Serikali iliyoajiri, iliyojenga na iliyokopa kwa kutegemea bei ya kwanza haina namna ya kuishi kwa bei ya pili bila kuumiza mtu.

Jambo la tatu ni kwamba fedha hizi hupitia mikono michache: kampuni, wizara, Hazina. Kodi ya soko mfanyabiashara huitoa mfukoni mwake, na kwa hiyo huuliza imefanya nini. Mrabaha wa madini mwananchi haujui ulivyoingia wala ulivyotoka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Dhiki inapoingia

Mara nyingi tunaambiwa kwamba serikali ni kama kaya: mapato yakipungua, nayo ikaze mkanda. Mfano huo una ukweli nusu. Baba akiacha kunywa chai, mshahara wake haupungui. Lakini serikali ikisimamisha ujenzi wa barabara, mwashi anakosa ujira, mama lishe aliyekuwa akimuuzia wali anakosa mteja, muuza mchele anabaki na magunia yake, na kodi ambayo wote watatu wangelipa haifiki Hazina. Hivyo kupunguza huzaa kupunguza. Serikali yenye akiba yaweza kuendelea kutumia katika mwaka mbaya, na kwa kufanya hivyo huzuia mwaka mbaya usiwe miaka mibaya.

Isiyo na akiba hulazimika kukata. Na hukata nini? Mwenye kuidai ana mkataba, na mkataba una mahakama. Mtumishi mkubwa ana sauti. Lakini dawa za zahanati hazina mkataba, ukarabati wa kisima hauna chama cha wafanyakazi, na mwanafunzi wa darasa la pili hana mwakilishi katika kikao kinachopanga. Kwa sababu hiyo panga huangukia mahali pasipo na upinzani, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya.

Sisi Watanzania tumelipitia jambo hili. Miaka ya mwisho ya sabini bei ya kahawa ilishuka baada ya kupanda sana, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda, na vita vya Kagera vikaja. Akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti ya kurekebisha uchumi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama uliingizwa katika hospitali za serikali, na watoto wa shule za msingi walilipa karo hadi ilipofutwa mwaka 2001. Wenye umri wa kutosha hapa wanakumbuka ni akina nani walioacha shule.

4. Nchi nne, mafunzo manne

Zambia. Nchi hii ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa na shaba nyingi. Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka, na serikali ikakopa ikiamini kwamba bei ingerudi upesi. Haikurudi. Deni lilipokuwa halibebeki, ruzuku ya unga wa mahindi iliondolewa, na mwezi Desemba 1986 wananchi wa ukanda wa shaba waliingia mitaani kwa njaa, na damu ikamwagika. Miaka ya 2005 na 2006 Zambia ilisamehewa sehemu kubwa sana ya madeni yake. Hapo palikuwa mwanzo mpya. Mwezi Aprili 2008, bei ikiwa juu, iliwekwa kodi maalumu juu ya faida kubwa ya shaba. Bei ikaanguka mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 2009 kodi hiyo ikafutwa. Kisha bei ikapanda tena hadi kufikia kiasi cha dola 10,000 kwa tani mwanzoni mwa 2011, kodi ikiwa haipo. Katika miaka ya 2012, 2014 na 2015 serikali ilikopa dola bilioni 3 kwa hati fungani katika masoko ya nje. Mwezi Novemba 2020, wakati wa janga la Korona, ilishindwa kulipa riba. Fundisho: asiyeweka akiba wakati wa neema hukopa kwa rehani ya neema ijayo, na neema ijayo huja imekwisha kuliwa.

Chile. Hawa nao ni wauzaji wa shaba. Tangu mwaka 2001 walijiwekea kanuni kwamba serikali itumie kwa kufuata bei ya shaba ya muda mrefu, wala si bei ya siku, na makadirio ya bei hiyo hutolewa na kamati ya wataalamu walio nje ya serikali. Sheria ya mwaka 2006 iliithibitisha kanuni hiyo na kuanzisha mifuko ya akiba. Bei ilipopanda sana, wanafunzi na wafanyakazi waliandamana wakidai fedha zitumike, na Waziri wa Fedha, Andrés Velasco, alilaumiwa kwa ugumu wake. Mwishoni mwa 2008 mfuko mkuu wa akiba ulikuwa na takriban dola bilioni 20. Mtikisiko wa uchumi wa dunia ulipofika, mwezi Januari 2009 serikali ilitangaza matumizi ya ziada ya dola bilioni 4, pamoja na ruzuku ya fedha taslimu kwa familia maskini. Fundisho: kanuni iliyowekwa mapema humpa mtawala nguvu ya kusema hapana wakati wa shibe, na nguvu ya kusema ndiyo wakati wa njaa.

Chad. Hapa pana fundisho chungu. Sheria ya mwezi Januari 1999, iliyotungwa kwa kusimamiwa na Benki ya Dunia, iliagiza kwamba asilimia 10 ya mapato ya moja kwa moja ya mafuta iwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo, na sehemu kubwa ya kinachobaki iende katika afya, elimu, maji na maendeleo ya vijijini. Mafuta yalianza kutoka mwaka 2003. Mwezi Desemba 2005, miaka miwili tu baadaye, Bunge liliibadili sheria: mfuko wa vizazi vijavyo ukafutwa, na ulinzi ukaingizwa katika orodha ya vipaumbele. Bei ilipoanguka baada ya 2014, nchi ilikuwa haina ghala, tena ilikuwa na mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1 kutoka kampuni ya Glencore, uliopaswa kulipwa kwa mafuta. Mwezi Agosti 2016 serikali ilikata posho za watumishi na ruzuku za wanafunzi. Ikafuata migomo iliyofunga shule na hospitali. Fundisho: sheria nzuri iliyoandikwa kwa shinikizo la mkopeshaji, wananchi wakiwa hawajaifanya kuwa yao, hufutwa kwa kura za asubuhi moja.

Botswana. Hii ndiyo nchi inayosifiwa kuliko zote. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa maskini kabisa duniani. Mwaka 1967 almasi ikagunduliwa Orapa. Viongozi wake waliitumia fedha ya almasi kujenga shule, barabara na hospitali, na mwaka 1994 wakaanzisha Mfuko wa Pula. Mwaka 2009, almasi ilipokosa wanunuzi na machimbo yakasimama kwa muda, nchi iliweza kukopa dola bilioni 1.5 kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa kuwa ilikuwa inaaminika. Lakini almasi iliendelea kuwa nguzo kuu ya uchumi. Tangu 2023 mahitaji yake yalishuka, na almasi zinazotengenezwa viwandani zikazidi kuingia sokoni. Akiba ikachotwa mwaka baada ya mwaka. Mwezi Agosti 2025 Rais Duma Boko alitangaza hali ya dharura ya afya ya umma kwa sababu ya upungufu wa dawa. Fundisho: hata ghala bora lina sakafu. Akiba hununua muda, na muda huo usipotumiwa kulima mashamba mengine, njaa huahirishwa tu.

5. Hapa kwetu

Kwetu machimbo makubwa ya dhahabu yalifunguliwa kuanzia mwaka 1998. Kwa miaka mingi mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya 2010 iliupandisha hadi 4, na mabadiliko ya 2017 hadi 6, pamoja na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mabadiliko hayo yana historia, na dini zilikuwa na sehemu yake. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA zilitoa kwa pamoja taarifa iliyoonyesha jinsi taifa lilivyokosa mapato ya dhahabu kwa sababu ya misamaha ya kodi na mrabaha mdogo. Waislamu na Wakristo walizungumza kwa sauti moja, na sauti hiyo ilisikika.

Swali la wakati ule lilikuwa: tunapata kiasi gani? Swali la leo ni: tulichopata tunakiweka wapi, na kitamlinda nani siku ya dhiki? Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko wake na kanuni ya kiasi kinachoweza kuingizwa katika bajeti. Ni hatua ya kushukuru. Lakini sheria hiyo haihusu dhahabu, nayo dhahabu ndiyo inayochimbwa kwa wingi sasa, wakati gesi ya kina kirefu cha bahari bado iko chini ya maji. Yaani tumejenga ghala la mazao ambayo hayajavunwa, na mazao yaliyo uani hayana ghala.

Na wakati wenyewe unatuhimiza. Mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa wakia, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mwaka huo huo, mwezi Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za UKIMWI nchini, zilizokuwa zikitegemea sana misaada hiyo, zikatikisika. Neema katika machimbo na dhiki katika zahanati vimetokea mwaka mmoja. Bei hii ina siku ya kushuka, kama kila bei. Itakaposhuka, tutataka kujua ilituachia nini.

6. Je, maskini anaweza kuweka akiba?

Kuna pingamizi ambalo ni lazima tuliheshimu. Watasema: utawezaje kuweka fedha benki wakati watoto wanakaa chini darasani? Je, si dhuluma kuwanyima walio hai kwa ajili ya wasiozaliwa?

Pingamizi hili lina haki ndani yake. Mtoto mwenye njaa leo haambiwi asubiri mfuko ukue. Darasa, kisima na afya ya mama ni akiba pia, na pengine ni akiba bora kuliko fedha iliyolala katika benki ya ng'ambo. Lakini tutofautishe mambo matatu. Kwanza, kujenga kitu kinachodumu si sawa na kununua magari ya fahari na kulipana posho za vikao. Pili, kila zahanati tunayojenga mwaka wa neema itadai muuguzi na dawa katika mwaka wa dhiki. Basi tusijenge kumi ikiwa uwezo wetu wa kudumu ni wa kuzilisha sita. Tatu, kutokukopa kwa rehani ya madini ni namna ya kuweka akiba isiyomnyima mtu chakula. Maskini hawezi kuweka akiba kubwa, lakini akiba yake ndogo ina thamani kuliko ya tajiri, kwa kuwa kati yake na njaa hakuna kitu kingine.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatukumbusha kwamba Mungu ameiweka dunia na vilivyomo kwa ajili ya watu wote, wa kizazi hiki na wa vizazi vijavyo. Hatuwezi kuyakiri hayo siku ya Dominika na siku ya Jumatatu tukanyamaza wakati urithi unapouzwa bila daftari.

7. Tufanye nini

Kanisa halina mgombea wala halitungi bajeti. Kazi yetu ni kuunda dhamiri na kuuliza maswali kwa heshima na kwa uvumilivu.

Tudai kanuni ya akiba kwa dhahabu kama ilivyo kwa gesi, itungwe wakati huu bei ikiwa juu. Tudai pia kwamba kanuni hiyo itaje mapema yale yasiyokatwa katika dhiki: dawa, chanjo, walimu wa shule za msingi, maji. Zaburi hazikatwi katika sala kwa sababu padre ana haraka. Vivyo hivyo dawa zisikatwe kwa sababu Hazina ina haraka.

Halmashauri zenye migodi hupokea ushuru wa huduma, ambao kwa sheria ni sehemu ndogo ya mauzo. Je, katika wilaya yenu zilipokelewa shilingi ngapi, na zimefanya nini? Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, tena nendeni pamoja na jirani zenu Waislamu na Waprotestanti. Taarifa za uwazi katika sekta ya uchimbaji hutolewa nchini kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Ziombeni, zisomeni kwa Kiswahili chepesi katika Jumuiya.

Huko Lusaka, kituo cha Wajesuiti kimekuwa kwa miaka mingi kikihesabu kila mwezi gharama ya chakula na mahitaji ya lazima ya familia, na kuitangaza. Kazi hiyo haikuhitaji majengo wala mitambo. Ilihitaji watu wa kwenda sokoni, kuuliza bei na kuandika. Serikali ikidai kwamba hali ni nzuri, kuna daftari la kujibu. Kamati ya parokia yaweza kufanya hivyo kwa dawa tano tu za zahanati: mwezi huu zipo au hazipo? Daftari la shilingi mia kadhaa likitunzwa miaka mitatu litasema ukweli ambao hakuna hotuba itakayoufuta.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika sura ya 47 ya Mwanzo, wananchi wa Misri walipoteza nini ili wapate chakula? Je, kuna mfano wa hali hiyo katika eneo letu?

2. Serikali ikilazimika kupunguza matumizi mwakani, ni huduma gani katika kata yetu isiyopaswa kuguswa kabisa? Toeni sababu.

3. Nani kati yetu atahudhuria mkutano mkuu wa kijiji ujao, na atauliza nini?

4. Kati ya nchi nne zilizotajwa, ni ipi ambayo njia yake inafanana zaidi na yetu hivi sasa? Tufanye nini tusifikie pale ilipofikia?